Minyoo Kwenye Kioo

"Tia kifuniko kimoja tu, wifi. Kufika kesho huoni hata mnyoo."

"Na samaki je, nitawaona?"

Wifi wa mama aliizungusha chupa ya dawa ya wadudu mkononi. Mama alikuwa ameshauchomeka mpira wa maji kwenye changarawe za tangi la samaki na kuvuta kwa mdomo. Maji yalimwagika ndooni, meusi kama ya kudekia, na ndani yake minyoo myeupe, myembamba kama uzi wa cherehani, ikijinyonganyonga.

Samaki walikuwa wa binti yake, aliyeko shule ya bweni. Siku ya kuondoka hakulilia kitu. Alisema tu, "Mama, nikirudi niwakute." Sasa likizo inabisha hodi, na minyoo imepanda mpaka kwenye kioo.

"Si umwage maji yote uanze upya," alisema mama mkwe kutoka kochini.

"Maji mapya matupu yatawaua, mama. Napunguza kidogo, najazia yaliyolala usiku kucha kwenye ndoo ile nyingine."

Mama mkwe aliinuka, akamega mkate. Huo ndio ulikuwa ugonjwa wa nyumba ile: kila anayepita sebuleni anawatupia samaki kidogo. Baba akitoka kazini, kidogo. Mgeni akisubiri chai, kidogo. Mabaki yanazama, yanaoza, minyoo inaneemeka.

Mama alifunika tangi kwa mkono uliolowa.

"Leo hakuna kula. Wakiona njaa wataila minyoo hiyo."

"Unawatia njaa? Viumbe vya watu, tena vimeshafungwa?"

"Tumbo la samaki ni dogo kama jicho lake, mama. Tunawaua kwa huruma."

"Yaani nyumba ya mwanangu, mimi nakatazwa kutoa chembe ya mkate?"

"Unakatazwa. Ninunie utakavyo, mama, nitavumilia. Na wewe wifi, hiyo chupa itoe nje ya mlango."

Sebule ilipoa. Alijua maneno yale yatamfikia mumewe kabla hajavua viatu. Akausogeza mpira kwenye kona nyingine, akaendelea kuvuta uchafu.

"Ana kisirani huyu," wifi alinong'ona, ila miguu haikuondoka.

Samaki mwekundu, aliyekuwa juu akingoja mdomo wazi, alichoka kungoja. Akashuka polepole, akasimama mbele ya kioo, akiukodolea macho uzi mweupe uliokuwa ukicheza pale. Mama mkwe alivaa miwani, akainama.