Balbu Tano za Ngazini

Barua ilisema Tahar Bouzidi ameshinda. Alishindana na nani, na lini, haikusema.

Alisomewa mlangoni pake na Haja Yamina wa ghorofa ya nne, mama mnene mwenye ulimi wa wembe, ambaye kwa miaka yake sabini bado alisoma hata maandishi ya kiberiti.

"'Nyumba yenye bili ndogo ya umeme kuliko zote mtaani,'" Haja akasoma. "Hongera, Tahar. Umewashinda hata wafu."

"Wafu hawana mita, Haja."

"Kwani wewe unayo? Tangu Zulikha aondoke mita yako imelala fofofo. Nikipita hapa nadhani umehama."

Akaendelea kusoma: Alhamisi, saa tano asubuhi, ukumbi wa Ofisi ya Nyumba, mkuu mwenyewe atakabidhi tuzo. Tahar alikuwa amekwisha kunyoosha mkono aichane ile barua. Maneno "mkuu mwenyewe" yakauzuia mkono.

Miaka miwili nyuma wakubwa wa Ofisi ya Nyumba waliamka na hekima. Wakakata taa za ngazi katika magorofa yote, ati kubana matumizi. Ngazi za jengo lile hazina dirisha hata moja. Mji mzima wa Annaba ukiungua kwa jua la Julai, mle ndani ni tumboni mwa nyangumi. Siku mbili kabla ya Idi, Zulikha, mkewe Tahar, alishuka na sinia la makrut, vile vitamu vya tende, kulipeleka kwenye tanuri la mwoka mikate, kama wanawake wote wa mtaa. Simu yake ilikuwa na tochi, lakini sinia linataka mikono miwili. Chini ya ghorofa ya tatu kuna kidato kilichomeguka; wakubwa walijua, waliandikiwa. Alikaa hospitali siku tisa, ya kumi wakamzika. Ofisi ikaleta rambirambi kwenye karatasi nzuri sana.

Tangu hapo Tahar alipeleka maombi manne ya kurudishiwa taa. Hakuwa mtu wa kalamu. Shule aliiacha kabla ya hesabu za kugawanya, akaenda kuchimba mashimo ya nguzo za umeme miaka thelathini, wengine wapate mwanga. Maombi aliandikiwa na Haja, akayapeleka kwa miguu yake: dirisha la tatu, dirisha la tano, rudi kesho. Na kila asubuhi Haja alishuka kununua mkate, mkono ukutani, akihesabu vidato kwa sauti. Mara mbili alikwisha kuteleza. Tahar, kule juu ghorofa ya tano, aliisikiliza ile hesabu na hakupumua mpaka ifike chini.

"Utaenda?" Haja akauliza.

"Nitaenda. Nikamwambie usoni."

Ukumbini zilikuwa zinawaka taa ishirini na nne, mchana kweupe, na mapazia yamefungwa kulizuia jua linalotoa mwanga bure. Viyoyozi vinne vilipuliza baridi ya kuhifadhia samaki, hata mwanamke wa mbele akajifunika shali, na madirisha mawili yakafunguliwa watu wapate joto kidogo. Katika baridi hiyo akasimama Bwana Nasreddine, mkuu wa Ofisi, koti na tai, kuwafundisha watu kubana umeme.

"Njia ni rahisi, ndugu zangu. Zima taa ukitoka chumbani. Piga pasi nguo zote kwa mara moja. Televisheni ichomoe, usiiache imelala na lile jicho jekundu. Na friji si sinema, usiifungue kuitazama tu!"

Watu wakacheka, kwa kuwa mkuu alikuwa anacheka.

Maneno yenyewe hayakuwa uongo. Zulikha aliyajua yote bila koti wala tai. Pasi alipiga mara moja kwa wiki, chakula cha moto hakukitia frijini mpaka kipoe, na alfajiri alifungua madirisha yote, jua likipanda akashusha mapazia aliyoyalowesha maji. Hakuna aliyempa cheti.

"Sasa ami Tahar atatuambia siri yake!"

Tahar akakishika kipaza sauti kama anayeshika sululu.

"Siri ni rahisi, bwana mkuu. Kwanza, mkeo afe."

Kicheko kilichokuwa njiani kikageuza njia.

"Akishakufa, pasi haina kazi, nani atakutazama? Mashine ya kufulia hujui pa kubonyeza, unafua kwenye beseni. Televisheni ilikuwa ya tamthilia zake. Friji ina zeituni na chupa ya maji, nimeichomoa. Balbu nawasha moja, ya kutafutia mlango wa choo. Mtaa mzima ukifanya hivyo mtapata akiba kubwa sana."

"Mungu amrehemu marehemu," mkuu akasema upesi, akinyoosha mkono adai kipaza sauti chake.

"Amina. Alianguka kwenye ngazi zenu, mlipozima taa. Tuzo sitaki. Nirudishieni taa."

"Taa za ngazi, ami, ni dirisha jingine. Andika ombi."

"La tano hilo?"

Waliozoea kupiga makofi wakapiga makofi. Tahar akasukumwa kwenye picha, akapewa cheti ndani ya kioo, kikubwa kama meza ya kahawa, na boksi la balbu tano zisizokula umeme. Balbu tano, kwa mtu anayewasha moja! Hao ndio wanaotawala.

Lakini jengo lina ghorofa tano.

Jumamosi Tahar alichukua waya, akautoa kwenye mita yake mwenyewe, akaushusha ghorofa kwa ghorofa, balbu kwa balbu, swichi akaiweka mlangoni kwake. Haja Yamina alimshikia ngazi ya mbao.

"Ukianguka nami nitakuangukia, utakufa mara mbili."

"Basi shikilia vizuri, hilo la pili ndilo ninaloliogopa."

Jioni ile ngazi ziliwaka toka juu mpaka chini. Kidato kilichomeguka kikaonekana, kidogo tu, kama jino lililong'oka.

Bili ya miezi mitatu ilipokuja, Tahar aliilinganisha na ile ya kabla yake. Tarakimu alizijua. Akarudia. Nyongeza yote ilikuwa bei ya mikate kumi. Mikate kumi! Akakaa na ile karatasi mpaka chai ikapoa.

Wiki hiyohiyo Bwana Nasreddine akapanda mwenyewe, akihema. Wageni wa mkoa walitaka kuiona nyumba ya mshindi, naye alikuja kuitazama kabla yao.

"Ami Tahar, waya gani huu? Hizi ngazi ni mali ya Ofisi. Na bili yako nimeiona, imepanda. Umetuaibisha."

"Imepanda mikate kumi, bwana. Mlibana mikate kumi."

"Sheria ni sheria. Uzime, uung'oe. Na cheti nitaondoka nacho, atapewa mwingine."

"Nyinyi ndio wakubwa," Tahar akasema kwa adabu. Akakishusha cheti ukutani, akamkabidhi. Mkuu akakipokea kwa mikono miwili, maana hakishikiki kwa mmoja, akageukia ngazi.

Tahar akazima.

Giza likafunga. Mguu mmoja wa mkuu ukashuka, ukapapasa, ukarudi.

"Washa, ami."

"Kuna amri ya kuzima. Ameitoa mkuu."

"Nimesema washa!"

"Hilo dirisha la ngapi, bwana? La tatu au la tano?"

Kutoka chini ikapanda sauti ya Haja Yamina, aliyekuwa anarudi na mkate. "Nani huyo gizani? Hesabu, mwanangu! Chini ya ghorofa ya tatu, kidato cha saba, ndicho kilichomeguka! Kimekwisha kula mtu!"

Kioo cha cheti mikononi mwa mkuu kilikuwa kinagongagonga ukuta, kwa mitetemo midogo midogo.

Tahar aliusikiliza ule mtetemo. Bati la sinia nalo hulia hivyo, kabla halijadondoka. Akawasha. Hakumhurumia yule mtu hata kidogo. Ila ngazi zile zilikwisha kula mmoja.

Bwana Nasreddine akashuka bila kugeuka, akikitazama kila kidato. Hakusema tena habari ya waya, wala hakusema asante. Tahar akaiacha swichi ilivyo.

Haja Yamina akapanda na mkate wake kwapani, akimsema mkuu kwa kila pumzi, koti lake, tai yake na tumbo lake, wala hakuhesabu kidato hata kimoja.