Jike la Kara-Tash

Torokul alikuwa ameua mbwa mwitu wengi kuliko mwindaji yeyote wa bonde la Kara-Tash, wala hakuwahi kumchukia hata mmoja. Kwake ilikuwa kazi, kama kupasua kuni. Unalenga, unapiga, unachuna ngozi, unarudi nyumbani kunywa chai. Ndiyo maana shemeji yake Shergazy alipomjia mwishoni mwa majira ya baridi na kumwambia, "Lile jike nalitaka likiwa hai," alidhani amelewa.

Hakuwa amelewa. Siku hizo Shergazy hakugusa hata tone. Katikati ya baridi, tufani ya theluji ilipofunga njia zote, kundi la mbwa mwitu lilikuwa limeruka ukuta wa zizi lake na kuwararua kondoo bila hata kuwala. Yeye mwenyewe hakuwepo. Mkewe Burulcha, dada yake Torokul, alitoka peke yake na kijinga cha moto mkononi, mimba ya miezi saba tumboni. Alipiga kelele, akatupa moto, akateleza kwenye damu, akaanguka, na jike moja kubwa lenye sikio lililochanika likamruka kana kwamba ni gogo tu limelala njiani. Mtoto alitoka kabla hakujapambazuka. Hakulia. Shergazy aliporudi alisema farasi wake alizama kwenye theluji kule mlimani, na Burulcha akamwamini.

Torokul alijua vingine. Wakati ule Shergazy alikuwa ng'ambo ya mlima kwenye harusi, amelala chali kando ya jiko, vodka imemjaa mpaka machoni. Mwenye harusi ndiye aliyemsimulia Torokul, tena kwa kicheko. Torokul hakucheka, lakini hakumwambia dada yake. Akishajua, alijiuliza, itamfaa nini?

Tundu la jike walilipata theluji ilipoanza kuyeyuka, chini ya mwamba ambao hata mbuzi wa mlimani hupita kwa kusitasita. Mama alikuwa ametoka kuwinda. Shergazy, kwa kuwa mwembamba, alifungwa kamba kiunoni akatambaa ndani, akawa anawatoa watoto mmoja mmoja kupitia mlangoni. Torokul aliwapokea, akawashika miguu ya nyuma na kuwabamiza kwenye jiwe. Puu. Kisha mwingine. Puu.

"Wa mwisho usimuue, shemeji!" sauti ya Shergazy ilitoka shimoni. "Huyo ndiye atakayetuitia mama yake."

"Kazi yangu naijua."

"Basi mkaze waya vizuri. Asipolia, mama haji."

Torokul alimfunga yule mdogo mguu wa nyuma kwa waya, akaukaza, akamfunga kwenye jiwe. Baba yake alikuwa akifanya hivyohivyo. Wakafukia mitego ya chuma kumzunguka, mitego waliyokuwa wameisugua kwa mavi ya kondoo ili isinuke mkono wa mtu. Wakaenda kujificha kwenye miamba ya upande wa pili.

Mtoto alilia mchana kutwa. Shergazy alikuwa akitafuna nyama kavu huku akitabasamu.

"Msikie anavyoimba. Redio ya namna hii haihitaji hata betri."

"Tafuna unyamaze," Torokul alisema.

Jua lilipochomoza siku ya pili, kilio kilikuwa kimekonda kama uzi. Ndipo jike lilipokuja. Lilizunguka mbali, likasimama, likanusa, likarudi nyuma. Lilijua. Kupitia darubini Torokul aliona sikio lililochanika, akaona pia jinsi lilivyoupita mtego wa kwanza, likauruka wa pili, likageukia kando kuukwepa wa tatu. Moyoni akasema, nenda zako, we mpumbavu. Mtoto akalia tena, kidogo tu. Jike likamwendea moja kwa moja.

Kwacha!

Walipofika, mguu wake wa mbele ulikuwa umekatika nusu ndani ya meno ya chuma, naye alikuwa akiutafuna ili auache pale. Alikuwa amemsukumia mtoto wake chini ya tumbo. Torokul alimbana shingo chini kwa mti wenye panda, Shergazy akamzungushia waya mdomoni, mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Kisha akamvuta yule mdogo na kumkanyaga kwa kisigino taratibu, mbele ya macho ya mama yake.

Torokul akainua bunduki. "Imetosha. Namaliza."

"Tulikubaliana hai."

"Nilikubali kumkamata. Huu upuuzi sikuukubali."

"Basi kamuulize dada yako," Shergazy alisema. "Unadhani wazo hili ni langu?"

Torokul akashusha bunduki. Walimfunika farasi macho kwa kitambaa ili asitimke, wakampandisha jike mgongoni na kushuka bondeni.

Kambini walimfunga kwa mnyororo kwenye nguzo ya farasi. Watu wakaja kutoka mahema yote, wake kwa waume, maana hapakuwa na mtu ambaye kondoo wake walisalimika. Waliachilia mbwa wamng'ate, wakawaita, wakawaachilia tena. Shergazy alikuwa akimpiga mateke ya mbavu. "Huyu ndiye aliyemuua mwanangu! Mtazameni!" Na kila baada ya teke aligeuza shingo kuangalia kama mkewe anaona.

Burulcha alitoka hemani akiwa bado na ukoko wa unga mikononi. Alichuchumaa karibu mno. Chuchu za jike zilikuwa zimevimba, zinadondosha.

"Ana maziwa," alisema.

"Burulcha, niache nimpige risasi," Torokul alimwomba. "Moja tu."

"Mimi ya kwangu niliyakamua nikayamwaga kwenye theluji, kaka. Wewe ulikuwepo, ulinishikia bakuli." Hakuinua sauti. "Akae hivihivi mpaka na yake yakauke."

Akaleta kigoda, akaketi kumtazama.

Kesho yake jike lilikuwa bado hai. Macho yalikuwa yamezibwa na usaha, na ulimi uliotokeza kati ya waya ulikuwa mweusi. Shergazy alileta ndoo ya maji, akayamimina chini mbele ya pua yake, polepole, na majirani wakacheka. Akaenda kuchota mengine. Aliporudi, Torokul alikuwa amesimama njiani.

"Una nguvu sana kwa aliyefungwa," alimwambia. "Siku ile ya tufani nguvu hizi ulimwazima nani?"

"Shemeji, pisha."

"Alikuwa harusini," Torokul alisema, na sasa alikuwa akisema na watu wote. "Hakuna farasi aliyezama. Alikuwa amelala kando ya jiko la watu, amelewa chakari."

Kicheko kikakatika. Shergazy alimchapa mjeledi usoni, ngozi ya shavu ikapasuka. Torokul hakujikinga.

Burulcha aliinuka kwenye kigoda. Alimtazama mumewe kwa muda, na mumewe akatazama ndoo. Jibu likawa hilo. Akaingia hemani, akatoka na koleo, akapiga magoti kando ya jike, akaukata waya uzi mmoja baada ya mwingine. Mnyama hakumgusa. Pengine hakuwa na nguvu, pengine alikuwa akizitunza.

"Haya," Burulcha alimwambia mumewe. "Mdomo uko wazi. Ulisema ungekuwepo ungewang'oa meno kwa mikono. Mng'oe."

"Mke wangu, watu wanatutazama."

"Ndiyo. Wanatazama."

Mtu mmoja nyuma akacheka, kicheko kifupi cha puani. Shergazy alisikia. Alitupa ndoo, akachomoa kisu na kumwendea jike upande wa ule mguu uliovunjika. Jike liliruka kwa miguu mitatu. Mnyororo ulimvuta, lakini alikuwa amekwisha kuudaka mkono wa kushoto, na mifupa ilisikika ikivunjika. Shergazy alipiga kelele akimwita mkewe. Burulcha alisimama palepale, mikono ameiweka juu ya tumbo lake tupu.

Torokul ndiye aliyepiga risasi. Ilibidi wayatanue mataya kwa lile koleo.

Vidole vitatu havikupona. Burulcha alimfunga mumewe kidonda, akamlisha supu kwa kijiko, akaendelea kukaa naye, maana hapakuwa na pengine pa kwenda. Ngozi ya jike hakuna aliyeitaka. Ilikuwa imeraruliwa mno.

Siku kadhaa baadaye Torokul alipita na paja la kondoo. Dada yake alimpokea mlangoni, wala hakumkaribisha chai.

"Usije tena, kaka."

"Kwa sababu ya mkono wake?"

"Mkono wake!" Alicheka. "Wewe ulijua tangu baridi. Ulinishikia bakuli nikikamua maziwa, ukanitazama usoni, na ulikuwa unajua."

 Akalishusha pazia la sufu la mlangoni. Torokul aliliweka paja la kondoo juu ya jiwe la mlangoni, akapanda farasi. Alipogeuka nyuma, mbwa walikuwa wameshaanza kuligombania.