Kumruka Abdallah

Asubuhi ya Jumanne, muuguzi Placide aliinama katika ukumbi wa dispensari huko Kasongo, akachora mistari myeupe sakafuni, mmoja mbele ya mwingine. Gaston alisimama mwanzoni, amemshika mkewe Marcelline bega. Udongo ulikuwa umemporomokea katika shimo la dhahabu la kampuni ya Wabelgiji, upande wa Salamabila. Mifupa iliunga, lakini miguu ilikuwa imesahau kazi yake. Mbele ya mstari iliinuka. Pasipo mstari iliganda chini, na hakuna aliyeweza kuibembeleza. Gaston alitaka jambo moja tu, atembee hadi kijijini kwao Wamaza akalime mpunga wake.

Siku hiyo chokaa ilikuwa imekwisha. Kwa nia njema Marcelline alikuwa ameleta pemba, udongo mweupe ambao kwao watu hujipaka wanapozungumza na wafu wao. Placide, mtu wa misheni, alipenda utaratibu kuliko maswali. Alisema weupe ni weupe, akachora nao.

Gaston alipotaka kuinua mguu, mistari ilikuwa watu. Walilala chali, matope puani, kila mmoja mahali pa mstari wake. Walikuwa wenzake wa shimoni. Wa kwanza alikuwa Abdallah.

"Abdallah, songa kidogo," Placide alisema. "Hapo hatua ya Gaston itakuwa fupi mno."

Abdallah akasonga. Gaston hakuvuka. Kwao mtu harukwi. Mtoto akirukwa, husemwa, hakui tena.

"Siwezi kuruka mutu," alisema.

"Ruka tu, ndugu yangu," alisema Abdallah. "Sisi hatukui tena."

Gaston akamruka. Akamruka na wa pili, na wa tatu, analia kwa sauti, na miguu ikainuka vizuri kuliko siku zote. Placide akalisifu goti la kushoto.

Aliyepigwa na butwaa ni Léontine, mke wa Abdallah, aliyekuwa kwenye foleni ya sindano. Hakushtuka kumwona mumewe, kwani wafu huja. Ila kampuni ilikuwa imemwambia chifu kwamba Abdallah na wenzake walitoroka kazi, na kwa kosa hilo wake zao walilimishwa pamba ya adhabu tangu mvua za kwanza. Gaston naye alipozinduka aliambiwa alikuwa peke yake shimoni.

"Kumbe ulikuwa chini," Léontine alimwambia mumewe.

"Niko chini mpaka leo. Walimutoa Gaston sababu alikuwa karibu na mulango. Sisi tuliita. Waliturudishia udongo."

Léontine akakaa sakafuni palepale, mkono mdomoni.

Mbelgiji wa kampuni aliitwa. Alikuja, akawatazama waliolala, akawatambua mmoja mmoja. Placide alidhani ataomba radhi. Mbelgiji alisema vizuri, watoro wamepatikana, warudi kazini. Léontine akamuuliza kuhusu shamba la pamba. Akajibiwa kwamba adhabu itaendelea, maana pamba haijui nani alitoroka na nani alikufa.

Kisha akamtaka Gaston atembee. Gaston alikuwa ameelewa kwamba akitembea atarudishwa shimoni. Alijaribu kukwama, akakaza magoti, akafumba hata macho. Lakini wenzake walikuwa wamelala mbele yake na miguu ilikwisha kuwajua. Iliwavuka wote kwa unadhifu hadi mlangoni.

"Amepona," Mbelgiji alisema.

Lori la Salamabila liliondoka kabla ya adhuhuri. Wafu walipanda kwanza, wakabanana ili Gaston apate pa kukaa. Marcelline alimrushia kifurushi cha muhogo. Léontine alijitwika kikapu, akashika njia ya shamba. Pamba ilikuwa imeanza kupasuka.