Dakika Moja ya Mama Cyrus

Saa mbili asubuhi, wakati watu wenye akili zao wanagombania jinzi Shahe, soko la nguo la hapa Guangzhou, China, Mwikali alikuwa amekaa juu ya robota, simu ameiegemeza kwenye kikokotoo cha laoban mwenye duka, anahudhuria kwa video mkutano wa Wakatoliki wa Marekani.

"Mama Cyrus," nikamwambia, "Marekani hata kuikanyaga hujaikanyaga. Ukatoliki na maisha ya Wamarekani vinakuhusu nini?"

"Mwanangu anayaishi hayo maisha. Hebu nyamaza nisikie."

Mkutano huo hufanyika kila mwaka kwenye chuo kimoja, na chuo kiko mji uleule anaokaa Cyrus, mitaa miwili tu kutoka kwake. Tangazo lilipitia kundi la simu la kwaya yake ya hapa Guangzhou. Cyrus, aliyekuwa akitumikia altareni huko Machakos, tangu Januari alikuwa akijibu kila ujumbe wa mama yake kwa picha ya kidole gumba. Simu hapokei. Mwikali alitaka kitu kimoja tu: mtu wa kule aende akamwone.

Mimi Swalha, Mwislamu wa Kisauni, niliyewahi kununua suruali elfu moja zisizo na zipu, nimefunzwa kutazama kwanza, kucheka baadaye. Nikachungulia. Nilitegemea maaskofu wenye kofia ndefu. Nikamwona profesa wa kike mwenye sweta, anasema watu hawagombani na kanisa, wanaacha kuja tu, na hakuna anayegundua.

"Asigundue mtu vipi? Kwani hawana majirani?"

"Kwetu ukikosa sala za jumuiya Jumamosi mbili," Mwikali akasema, "ya tatu jumuiya inakuja kwako. Jifiche hata chooni, rozari itasaliwa sebuleni mpaka utoke."

"Lo! Mnavamia watu!"

"Tunatembelea."

Muda wa maswali ukafika, kila mtu dakika moja. Jina la Mwikali likaitwa. Akasimama, akanyoosha kilemba.

"Tumsifu Yesu Kristo!"

Akangoja. Kwao mtu haendelei mpaka aitikiwe. Wamarekani wakamkodolea macho.

"Tumsifu Yesu Kristo!" Safari hii kwa nguvu, kama anayeamsha kanisa lililosinzia. Laoban akadhani anaulizwa saizi. "Meiyou!" akajibu, hamna.

"Hawajui kuitikia, mwanamke! Sema shida!" Nikamvuta sketi.

Wapi! Akageukia Kiingereza, akamsalimu mwenyekiti, akawasalimu mapadre, akawasalimu masista, akafikisha salamu za kwaya ya Guangzhou. Alipofika "nina mwanangu anaitwa Cyrus," sauti ikakatwa. Mwenyekiti akamshukuru kwa salamu nzuri, akaita mwingine.

Mwikali akakaa. Nikaonyesha kwa kidole maandishi yaliyokuwa yakipita kwenye skrini.

"Hapo pembeni wanaandika nini?"

"Wanaongea tu wao kwa wao."

"Basi andika. Maandishi hayangoji kuitikiwa."

Akaandika: Mwanangu yuko mitaa miwili kutoka hapo. Hapokei simu. Nani anaweza kwenda kumgongea mlango?

Watu zaidi ya mia mbili, na hakuna hata mmoja aliyejibu. Profesa akaendelea kunywa maji. Kisha mzee mmoja, aliyejitambulisha kuwa dereva mstaafu wa basi la shule, akamwandikia yeye peke yake: Huku hatuendi kwa mtu bila kualikwa. Hatakasirika?

"Mwambie hatakasirika," nikasema.

"Nidanganye mbele ya mapadre?" Akaandika: Atakasirika. Nenda. Akampa anwani.

Kesho yake asubuhi tulikuwa soko la Shisanhang tunapekua magauni, simu ikalia. Cyrus mwenyewe, kwa sauti yake.

"Mama! Kuna mzee mzungu mlangoni na sufuria ya supu. Anasema umemtuma. Nifanye nini?"

Gauni likamponyoka Mwikali. Nikaleta sikio karibu, adabu nikaiweka kando.

"Umekonda?" akauliza.

"Mama, mzee amesimama!"

"Basi mfungulie, mwanangu. Mpe kiti. Na simu usikate, nataka kusikia mkila."