Mlolongo Uliofika Golini

Siku Nyongesa alipoondoka, alikunywa uji akiwa amesimama, kofia kichwani. Mkewe, Nanzala, alimwambia akae kidogo, akakataa. Ilikuwa asubuhi ya uchaguzi wa mlolongo, ambao kura ni kusimama nyuma ya picha ya mgombea, na trekta la Ephantus lilikuwa linanguruma nje ya nyumba za wafanyakazi, huku Kapseret.

Kila kitu pale kilikuwa cha Ephantus: kiwanda cha mbao, nyumba zenyewe, hata bomba la maji. Sasa alitaka na ubunge. Alikuwa amegawa blanketi kila mlango, na nyapara wake, Gerishon, akasema kwa upole, "Trekta likisimama, hapo ndipo mtapanga laini. Picha ya mzee mnaijua."

Mpinzani wa Ephantus alikuwa Wanyoike, mwalimu mstaafu aliyefanya kampeni kwa baiskeli.

"Mmoja wetu asimame kwa mwalimu," Nyongesa alisema. "Wewe simama kwa Ephantus, tusikose nyumba."

"Na Gerishon akikuona, Baba Musimbi?"

"Laini ikiwa ndefu ataona nani? Atufukuze wote, halafu apasue mbao na bibi yake?"

Nanzala akacheka bila kutaka. Wakakubaliana hivyo. Nyongesa akatangulia kwa miguu, Nanzala akapanda trela la trekta.

Kufika uwanja wa shule, akaona hawakuwa peke yao. Nyumba nyingine zilikuwa zimepanga vilevile. Nyuma ya picha ya Ephantus walisimama wanawake tu, wamejifunga yale mablanketi. Waume wao walikuwa ng'ambo kwa mwalimu, mlolongo umezunguka uwanja mpaka kwenye goli.

Gerishon akapita akiwatazama mmoja mmoja.

"Mama Musimbi, mzee wako yuko wapi?"

"Amelala. Ana homa."

"Na wako, Njambi?" akamgeukia jirani yake.

"Homa hiyohiyo."

"Leo kuna homa ya wanaume," Gerishon alisema. Hakutabasamu. Akageuka kuangalia golini, akaangalia kwa muda mrefu.

Msimamizi wa uchaguzi alihesabu laini ya Ephantus akigusa kila bega. Ile ya mwalimu aliipitia haraka, akiwa kando, kama mtu anayepita shamba la jirani. Kisha akapanda kwenye kiti na kutangaza kwamba Ephantus ameshinda.

Mwalimu Wanyoike alitazama tu viatu vyake. Ndipo Nanzala akasikia sauti anayoijua, kutoka kwenye goli, sauti ya kawaida ya mtu anayeomba chumvi.

"Hesabu tena, bwana. Sisi bado tuko hapa."

Watu wawili waliovaa makoti wakamwendea. Mmoja akamshika mkono kama rafiki. "Njoo, ukahesabu vizuri ukiwa na sisi."

Nyongesa alimtafuta mkewe kwa macho, akatikisa kichwa: usije. Wakamwingiza kwenye Land Rover la polisi. Kofia ikaangukia nyasi.

Nanzala alijua nyumba ni ya nani. Alijua Musimbi na mdogo wake walikuwa ndani ya nyumba hiyo, wakimngoja. Njambi akamshika blanketi kwa nyuma. "Dada, simama. Tafadhali."

Blanketi likabaki mikononi mwa Njambi. Nanzala akavuka uwanja, macho yote yakimfuata, akaokota kofia na kusimama pale mumewe aliposimama. Land Rover likashika barabara ya Eldoret.

Jioni ile Gerishon alikuja na kufuli jipya. "Mama, mimi nimetumwa tu," alisema, akangoja watoe vyombo.

Mbunge sasa ni Ephantus. Nanzala amepanga chumba Eldoret, anafulia watu nguo. Kila Jumatatu hupeleka ugali na mboga kituo cha polisi, na askari wa mlangoni humwambia hawana mtu wa jina hilo. Hurudi na bakuli, na watoto hula.