Siku Mlingoti Alipotua

"Hata Mlingoti mwenyewe aje hapa na mabegi yake anipigie magoti, miye gari siwashi," Haitham alisema, akauweka ufunguo wa teksi juu ya paa ili kila mtu auone. "Na akishapiga magoti bado atakuwa kanizidi urefu."

Madereva wakacheka. Ilikuwa saa tatu asubuhi, mwezi wa sita, na lami ya kiwanja cha kusubiria abiria ilishaanza kunata viatuni. Siku nyingine saa hizo teksi zingekuwa zinasogea mojamoja kwenda majengo ya abiria, dereva wa mbele akiitwa kwa kipaza sauti. Leo kipaza sauti kiliita namba mpaka kikachoka. Hakuna aliyesogea.

Ofisi ya magari ya uwanja wa ndege wa Dallas ilikuwa imetangaza kwamba kuanzia Julai mosi, teksi iliyozidi miaka minane haitaingia tena kwenye foleni. Madereva nao wakakubaliana: lisitoke hata gari moja na abiria mpaka saa sita, wakuu wa ofisi watakapokuja kuzungumza nao.

Mlingoti ni jina alilolitunga Haitham mwenyewe. Jana yake timu ya mpira wa kikapu ya Dallas ilikuwa imemchagua fowadi kutoka chuo kimoja cha Montana, kijana mwembamba wa futi saba kasoro inchi moja, anayeurusha mpira kutoka mbali kivivu, kama anatupa ganda la ndizi, na mpira unaingia.

"Tume-waste pick, nafasi ya kuchagua imekwenda bure," alisema Nderitu, mwenyekiti wa madereva. "Mtu na urefu wote ule anasimama huko nje kurusha za pointi tatu? Si aingie chini ya kikapu apigane na wanaume wenzake?"

"Apigane na nini, mzee? Yule ukimkumbatia tu umemkunja," Haitham akasema.

"Muache mutoto," akasema Vital, Mkongo anayeishi DeSoto, aliyekuwa ameketi juu ya boneti ya Chevrolet yake ya mwaka themanini na saba. "Kama mipira inaingia, unamutafutia mwili ya nini? Muangalie kazi yake." Akaipapasa boneti. "Kama hii. Inazeeka, lakini haijalala njiani hata siku moja." Ndiyo iliyokuwa ikiwalisha watoto wake wanne.

"Vital, hiyo ilimbeba Nuhu alipokwenda kununua mbao," Haitham akadakia.

Aliyecheka zaidi alikuwa Vital. Haitham hakusema kwamba Ford yake mwenyewe ilikuwa changa kuliko hiyo kwa mwaka mmoja tu, nayo Julai ingetupwa nje vilevile.

Saa nne akaenda kuchota maji kwenye bomba nyuma ya ofisi. Pruitt, afisa wa foleni, alikuwa akimngoja. Alizungumza kwa upole, kama mtu anayekuulizia hali ya nyumbani. Kuna abiria mkubwa ametua, gari alilotumiwa limekwama Arlington, na ofisi haitaki aibu. Safari moja tu. Halafu, ipo orodha ya magari machache yatakayoongezewa mwaka mmoja.

"Namba yako ni mia mbili na kumi na nne, sivyo?"

Haitham alirudi garini, akauchukua ufunguo juu ya paa.

"Yumna ana kliniki," alimwambia Nderitu. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi saba. "Nilisahau kabisa."

"Nenda, bwana. Familia kwanza."

Wakampisha. Vital aliirudisha Chevrolet nyuma ili apate njia, akatoa mkono dirishani kumwonyesha nafasi iliyobaki. "Kuja, kuja, kuja. Musalimie shemeji."

Kwenye jengo la abiria foleni ya watu ilikuwa imezunguka nguzo mara mbili. Mbele yao, amewapita wote mabega na kichwa, alisimama Mlingoti. Alikuwa mtoto mwenye adabu. Alibeba mabegi yake mwenyewe, akauliza kwa nini leo teksi ni moja tu. Haitham akasema barabara zimejaa. Kuanzia pale hadi hoteli ya katikati ya Dallas hakupata mzaha hata mmoja wa kumpa. Hii ndiyo hadithi ambayo angewasimulia watu mpaka mvi zimtoke, na hakuwa na mtu wa kumsimulia.

Aliporudi, saa saba ilishapita na teksi zilikuwa zinasogea. Wakuu hawakuja. Kwenye dirisha la ofisi palibandikwa karatasi: kwa kuwa asubuhi ya leo teksi moja ilibeba abiria na huduma ikaendelea, hakuna mgogoro wa kujadiliwa. Chini yake, orodha ya magari kumi na moja yaliyoongezewa mwaka, yote ya kampuni moja kubwa. Haitham alisoma kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu. Mia mbili na kumi na nne haikuwemo.

Alipogonga kioo, Pruitt aliinua macho. "Sijui unazungumzia nini," alisema, akashusha pazia.

"Gari moja tu," Nderitu alikuwa akisema. "Wametuvunja na gari moja. Ni nani huyo?"

"Mtu kama huyo hafai hata kusalimiwa," Haitham akasema, kwa sauti kubwa kuliko wote.

Vital alisimama dirishani. Alikuwa bado anaisoma karatasi.

Hapo ndipo alipofika Immaculate, dada wa Kisii anayesukuma viti vya wagonjwa kwenye jengo la abiria, akitafuta lifti ya kurudi Mansfield.

"Haitham, kumbe wewe ni mtu wa siri hivyo?" alisema akicheka. "Nilikuwa na mama mmoja kwenye kiti, nikakuona unamfungulia mlango yule mchezaji wenu mrefu. Nimekupungia mpaka mkono ukachoka."

Madereva waligeuka. Haitham aliuficha ufunguo ndani ya kiganja.

Vital aliiacha karatasi, akamtazama.

"Alikaa mbele ao nyuma?" aliuliza, kwa sauti ileile ya asubuhi.

"Mbele," Haitham alisema. "Nyuma miguu haikuingia."