Mboga za Mtoto wa Mwokaji

"Ondoa karoti," mwokaji alimwambia muuza mboga. "Sikuomba karoti."

"Ni nyongeza, baba. Bure."

"Hata bure."

Muuza mboga, mwanamke mnene ambaye kicheko chake hakikuwa mbali, alibaki ameshika karoti mbili hewani kama mtu aliyetoa mkono wa salamu akanyimwa. Nyongeza haikataliwi. Akamtazama mteja wake vizuri: mwanamume mrefu, unga kwenye nyusi, makovu ya tanuri yamepanda mpaka kwenye viwiko, ameinamia meza ya koliflawa kama anayemchagulia binti yake mchumba. Aliinua moja, akaigeuza, akaibonyeza kwa kidole gumba, akainusa shinani, akairudisha. Akachukua nyingine.

"Kwani karoti zimekukosea nini?"

"Mimi hazijanikosea. Ni tamu mno kwa mwanangu."

"Jamani! Mtu analalamikia utamu!" Muuza mboga aligeukia meza za jirani kutafuta mashahidi. "Viazi je? Mahindi mabichi? Njegere?"

"Hapana. Hapana. Na hizo nazo hapana."

"Basi huyo mwanao anakula nini? Upepo?"

"Anakula ninachokuja kukitafuta kwako. Nipe hii koliflawa, fungu la mchicha, matango, na mamumunye, yale machanga. Parachichi liwe la leo, usinipe la keshokutwa."

Alikuwa amejitungia kanuni yake, kwa sababu maneno ya hospitali yalikuwa marefu na yeye alitaka kitu cha kutembea nacho sokoni. Kilicholala chini ya udongo kiache kilale. Kilichosimama juani, kiulize maswali kwanza. Maana hata juani walikuwamo waongo: mahindi yanasimama wima kama askari na ndani yamejaa sukari, na boga likikomaa halitofautiani sana na kiazi. Jani halina mahali pa kuficha kitu. Jani alikuwa amejifunza kuliamini.

Binti yake walimwita Chiriku, kwa kusema kwake kwingi. Alizungumza akila, akioga, akivaa viatu. Alizungumza na kuku wa jirani na kuku wakawa kama wanamjibu. Kisha ugonjwa ukaingia. Mara ya kwanza alianguka mlangoni mwa darasa, akitetemeka mwili mzima, macho yamepinduka, na wenzake wakakimbia kila mmoja njia yake. Kifafa, walisema hospitalini. Akapewa dawa, akaanguka. Akabadilishiwa, akaanguka tena, na safari hii dawa zikamfanya asinzie mchana kutwa, mate yanamtoka, neno moja asubuhi na jingine jioni. Chiriku bila sauti. Mwokaji alisema angeyastahimili yote isipokuwa ule ukimya.

Ndipo mtaalamu wa lishe, mwanamke kijana mwenye sauti ya taratibu, akamwita ofisini. Kuna watoto, alisema, ambao dawa haziwasaidii lakini chakula huwasaidia. Si wote. Mafuta mengi: siagi, malai ya maziwa, mayai, parachichi. Mboga zisizo na sukari nyingi, zikipimwa kwa mizani. Mkate usiwepo kabisa, wala wali, wala viazi, wala kitu chochote cha unga. Na hospitali ingemfuatilia kila hatua, maana si chakula cha kujianzishia mtu nyumbani.

"Wewe unafanya kazi gani, baba?" aliuliza mwishoni.

"Naoka mikate," mwokaji alijibu, na yule mtaalamu akashusha macho.

Alipofika nyumbani alimwambia dada yake mkubwa, aliyemlea Chiriku tangu mama mtu alipofariki, mtoto hajaota meno. "Dada, tumeambiwa adui yetu ni wanga."

Dada mtu akapiga makofi. "Sikusema? Sikusema mimi tangu siku ya kwanza? Hao wanga wametoka upande gani?"

"Si wanga wa usiku, dada. Wanga wa kwenye chakula. Uliomo kwenye unga."

"Aa," alisema dada mtu, na ilionekana wazi kwamba wale wa kwanza wangekuwa rahisi zaidi.

Hivyo ndivyo maisha yalivyogeuka. Mwokaji alianza kuoga kwenye bomba la kiwandani kabla ya kurudi nyumbani na kuliacha shati lake la kazi kwenye msumari, kwa sababu Chiriku alikuwa na tabia ya kumrukia shingoni na kuvuta pumzi. "Baba, unanukia mkate," alisema siku ya kwanza ya chakula kipya, bila kulalamika, kama mtu anayetaja jina la rafiki aliyehama. Siku hiyo mwokaji alijisugua mpaka ngozi ikawaka.

Mtaa haukukawia kusema. Mwokaji gani huyu, anatulisha sisi wote mkate, mwanawe anamlisha majani kama sungura? Mteja mmoja alimwambia usoni, kwenye dirisha la kuuzia, tena mbele ya foleni.

"Chukua mkate wako," mwokaji alimjibu. "Hayo majani niachie mimi na mwanangu."

"Nilikuwa nasema tu."

"Umeshasema. Anayefuata!"

Lakini kuna siku, akiwa amezamisha mikono kwenye kinyunya mpaka kwenye viwiko, alihisi unga ule ukivimba na kupumua chini ya viganja vyake, laini, vuguvugu kama tumbo la mtoto aliyeshiba, na akauchukia. Aliupiga ngumi mpaka wenzake wakamtazama. Ndio unga uleule uliomsomesha, uliomwozesha, uliomzika mkewe kwa heshima. Alimaliza kuupiga, akaufunika kwa kitambaa, akausubiri uumuke. Kazi ni kazi.

Na chakula kikaanza kusaidia. Wiki moja ikapita mtoto hajaanguka, kisha nyingine. Sauti ikarudi. Kwanza aliuliza kwa nini tango linalia likitafunwa, kisha kama mbuzi nao wana kifafa, kisha maswali yakawa hayahesabiki, na mwokaji akicheka peke yake njiani watu wakimpisha.

Halafu akaanguka.

Ilikuwa mchana, amekaa kizingitini anamsimulia baba yake habari za mwalimu aliyekalia chaki. Neno likakatika katikati. Mwokaji alimdaka, akamlaza ubavu, akasogeza kigoda pembeni, akaweka kanga chini ya kichwa na kungoja, mkono wake juu ya bega linalotetemeka, midomo yake ikisema maneno ambayo hata yeye hakuyasikia. Mtetemeko ulipokwisha mtoto akalala usingizi mzito. Shangazi mtu alikuwa amesimama mlangoni, kiganja mdomoni.

Mwokaji aliingia jikoni. Akamwaga kapu zima mezani. Akaichana koliflawa, akanusa. Akakata mumunye, akaliramba mbegu kama kichaa. Nani kati yenu? Alikuwa tayari kurudi sokoni kumshika muuza mboga shati. Kisha akaiona sufuria. Supu ya mchicha na malai iliyobaki mchana, imeganda juu. Akachota kijiko.

Supu ya majani ikifika ulimini hukaa kidogo kisha huaga. Hii ilikaa. Ilitandaza mkeka. Akaisukuma kwa ulimi kwenye kaakaa, akafumba macho, na akaujua kama mtu anavyomjua ndugu yake gizani kwa kikohozi. Unga. Tena umekaangwa kwanza kwenye siagi, taratibu, ili harufu ipotee.

"Dada."

Hakupaza sauti. Dada mtu akaja, akaiona sufuria, akaona kijiko, na hakujaribu kukataa.

"Tangu lini?"

"Wiki hii. Kijiko tu. Kijiko kimoja cha kumtia nguvu."

"Nguvu!"

"Usinipigie kelele!" Sasa ni yeye aliyepaza. "Wewe unatoka alfajiri. Mimi ndiye ninayekaa naye. Mimi ndiye ninayemwona akiwatazama wenzake wanavyokula. Nimemlea kwa uji, huyu. Kwa uji! Mama yake ametuachia kitu kidogo hivi, kila mtu akasema hatadumu, nikamkoroga uji mpaka akasimama. Leo unaniambia uji wangu ni sumu? Mgonjwa haulizwi uji!"

"Huyu anaulizwa! Huyu ndiye mgonjwa anayeulizwa, dada, maana uji ndio unaomwangusha."

"Una hakika gani? Mwapie Mungu kwamba ni kijiko changu."

Mwokaji akaisogeza sufuria kando. Hakika hakuwa nayo. Hata yule mtaalamu hakuwa nayo. Alikuwa amesema huenda, inawezekana, tutaona.

"Sina hakika," alisema hatimaye. "Lakini siku zote alizosimama, hakukuwa na unga. Mimi nitasimama hapo. Hata mtaa wote ukisema. Hata wewe ukisema."

"Basi naondoka. Nitarudi kwa watoto wangu."

"Huondoki. Ukiondoka huyu atanililia mimi, na mimi nitamlilia nani? Ila ukikaa, kaa upande wetu. Sitaki mtu wa kukaa katikati."

Dada mtu akavua kitambaa cha kichwa, akakifunga upya, akakivua tena. Machozi yalimtoka kwa hasira, na hakuyafuta, ili ndugu yake ayaone vizuri.

Sauti ndogo ikatoka chumbani. "Mnagombania supu?"

Walimkuta amekaa kitandani, nywele upande mmoja zimelala, uso bado mzito. Mwokaji alichuchumaa mbele yake. Alikuwa hajawahi kumuuliza. Wote walikuwa wameamua, hospitali, yeye, shangazi kwa kijiko chake, na hakuna aliyemuuliza mwenye tumbo.

"Mwanangu. Ukitaka tuache, sema. Nitakwenda hospitali niwaambie umechoka. Nitakuletea mkate mimi mwenyewe, ule wa maziwa."

Mtoto alifikiri.

"Nikianguka," alisema Chiriku, "wenzangu wanakimbia. Nikila majani, wanacheka tu." Akajikuna shavu. "Afadhali wacheke. Wakicheka wanakuwa karibu."

Kisha akaongeza, "Lakini ile koliflawa ya kuponda haina chumvi. Mwambieni anayepika."

Shangazi mtu akatoa sauti, haikujulikana kama ni kicheko au kwikwi, akatoka nje.

Kliniki, mtaalamu wa lishe aliwasikiliza wote wawili, maana safari hii dada mtu alikuja, amevaa nguo zake za kutokea na amekaa wima kama shahidi mahakamani. Inawezekana ni unga, alisema mtaalamu. Inawezekana si unga. Wakitaka kupumzika, watamwondoa mtoto kwenye chakula hicho taratibu, hakuna atakayewalaumu. Familia nyingi hushindwa.

"Tunaendelea," alisema mwokaji.

"Chumvi anaruhusiwa?" aliuliza dada mtu.

Waliporudi walipitia sokoni. Muuza mboga alipowaona akaanza kucheka mapema. "Baba Hapana! Umeniletea mama?"

"Dada yake," alijibu dada mtu, na akaingia kati ya ndugu yake na meza. Alichukua koliflawa iliyokuwa mbele, akaitazama, akairudisha kwa dharau. "Hii imelala tangu juzi. Ya leo iko wapi?"

"Zote za leo, mama."

"Mwanangu, mimi nimezaa, usinidanganye. Ile ya chini. Ile yenye majani yanayosimama. Na hizo karoti usizisogeze, nimekuona mkono."

Mwokaji alirudi nyuma hatua moja, kapu mkononi, akawaachia. Watu wawili waliokuwa wakinunua viazi waligeuka kutazama. Mmoja mwokaji alimjua: alikuwa yule mteja wa dirishani. Wakatazamana. Mteja ndiye aliyeshusha macho kwanza, akayaelekeza kwenye viazi vyake.

Mchana huo nyumba ilikuwa kimya, kimya cha kawaida, cha nzi na sufuria. Chiriku alikuwa amelala kwenye mkeka sebuleni, amechoka kwa safari. Shangazi yake alikaa kwenye kigoda akichambua koliflawa, anaikata vipande vidogovidogo kwa kisu, anakagua kila kipande kwenye mwanga wa dirisha kabla ya kukitia kwenye bakuli. Mwokaji alikaa sakafuni, mgongo ukutani, anasinzia.

Mkono wa mtoto ulishtuka.

Wote wawili walikuwa wamesimama kabla hawajajua kwamba wamesimama. Mkono ukashtuka tena, ukapanda, ukapiga hewa karibu na sikio. Nzi akaruka. Mkono ukashuka mkekani ukatulia.

Chiriku akafumbua jicho moja. Akawaona juu yake, baba amenyoosha mikono, shangazi na kisu na kipande cheupe cha koliflawa.

"Mnanitazama nini?" aliuliza, akawageuzia mgongo.

Mgongo ule mdogo ukapanda na kushuka chini ya gauni. Ukapanda, ukashuka. Hakuna kati yao aliyekaa.